Malisho yenye siri: Jinsi uwanda wa nyasi unavyopimwa na kuchimbuliwa kutafuta historia

MPITA njia katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya anaweza kuvuka uwanda wa malisho kila siku bila kutambua kwamba anakanyaga makao ya watu wa kale. Hakuna ukuta uliosimama wala jiwe lenye maandishi. Kilichopo ni nyasi, ng'ombe wachache, na hapa na pale kibonde cha mviringo ambacho mtoto anayechunga hukitumia kujikinga na upepo.

Vibonde hivyo hujulikana na wataalamu kama mashimo ya Sirikwa. Vimetapakaa kutoka viunga vya Mlima Elgon na milima ya Cherangani, kupitia Uasin Gishu, Nandi na Kericho, hadi viungani mwa Nakuru katika Bonde la Ufa.

Kwa miongo kadhaa wasomi walivutana kuhusu maana yake. Je, yalikuwa nyumba zilizochimbwa ardhini? Yalikuwa ngome? Au yalikuwa mazizi ya mifugo?

Jibu halikutokana na kupatikana kwa dhahabu wala sanamu. Lilitokana na kazi ya subira: kupima ardhi, kuchora ramani, na kuchimba mitaro michache ya majaribio. Makala haya yanaeleza kazi hiyo hufanywaje, imefichua nini hapa nchini, na kwa nini ni lazima ifanywe kabla ya trekta kufika.

UPIMAJI NA UCHIMBUAJI WA MAJARIBIO

Akiolojia ni taaluma ya kuchunguza maisha ya binadamu wa kale kupitia vitu walivyoviacha: zana, vigae vya vyungu, mifupa, majivu, makaburi na mabaki ya makao. Wengi hudhani kwamba kazi ya mwanaakiolojia ni kuchimba tu. Ukweli ni kwamba kuchimba huja mwisho, na mara nyingine hakuji kabisa.

Sababu yake ni nzito. Kuchimbua ni kuharibu. Tabaka la udongo likishaondolewa haliwezi kurudishwa jinsi lilivyokuwa, na kilichokosa kuandikwa siku hiyo kimepotea milele. Ni kama kitabu ambacho kila ukurasa huchanika mara tu unaposomwa.

Ndiyo maana wataalamu huanza kwa upimaji, yaani uchunguzi wa juu ya ardhi usiojeruhi kitu. Upimaji ukionyesha dalili za kutosha, hufuata uchimbuaji wa majaribio, ambapo sehemu ndogo tu ya eneo hufunguliwa ili kujua kilichomo, kina chake, umri wake na hali yake. Sehemu kubwa huachwa chini ya nyasi kwa ajili ya vizazi vijavyo, ambavyo huenda vikawa na vifaa bora zaidi.

KUISOMA ARDHI KABLA YA JEMBE

Hatua ya kwanza hufanyiwa mezani. Watafiti hukusanya ramani za zamani, picha zilizopigwa kutoka angani, picha za setilaiti na maandishi ya waliotangulia. Aidha, huwasikiliza wazee wa mahali hapo. Mzee anayejua kwamba kilima fulani hakilimwi, au kwamba bonde fulani lina jina la watu wasiokuwapo tena, humpunguzia mtafiti kazi ya miezi.

Hatua ya pili ni kutembea. Watafiti hujipanga katika mstari, kila mmoja akiwa hatua chache kutoka kwa mwenzake, kisha husonga mbele polepole macho yakiwa ardhini. Kila kigae, kipande cha jiwe lililochongwa au donge la taka za chuma hutiwa alama na mahali pake kuandikwa.

Katika uwanda wa nyasi kazi hii ina ugumu wake, kwani majani huficha udongo. Kwa hiyo wataalamu hutafuta mahali ambapo udongo umejifichua wenyewe: kwenye mashimo ya wanyama, kingo za makorongo, njia za ng'ombe, na vichuguu vya mchwa. Jua la asubuhi na la jioni pia ni msaada mkubwa. Mwanga unapoanguka kwa mshazari, kivuli huonyesha matuta na vibonde ambavyo saa sita za mchana havionekani.

Hatua ya tatu ni ya vyombo. Kipo chombo kinachopima mabadiliko madogo ya nguvu za sumaku ardhini. Mahali palipowahi kuwashwa moto mkali, kama jikoni au kwenye tanuri la chuma, hutofautiana na udongo wa kando. Chombo kingine hupitisha umeme kidogo ardhini na kupima jinsi udongo unavyoupinga: ukuta wa mawe huupinga zaidi, ilhali handaki lililojaa udongo wenye unyevu huupitisha kwa urahisi. Vilevile, ipo rada inayotuma mawimbi chini na kusikiliza mwangwi wake.

Matokeo yote huchorwa katika ramani moja. Ni hapo tu ambapo uamuzi hufanywa: mtaro uchimbwe wapi, na wapi pasiguswe.

NYASI ZENYEWE ZINAPOTOA USHAHIDI

Mfano bora wa uwanda wa nyasi kuwa shahidi wa historia ulitoka Narok, kusini magharibi mwa Kenya. Mwaka wa 2018, jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Profesa Fiona Marshall wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, akishirikiana na wataalamu wengine wakiwemo wa humu nchini.

Watafiti hao walichunguza maeneo matano yaliyokaliwa na wafugaji wa kale, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Juu ya ardhi, maeneo hayo huonekana kama madoa ya nyasi katikati ya mbuga yenye miti, na baadhi hutambulika hata katika picha za setilaiti.

Walipochukua sampuli za udongo, waligundua kwamba chini ya nyasi hizo kulikuwa na tabaka la samadi iliyooza zamani. Udongo huo ulikuwa na fosforasi, kalisi na magnesi nyingi kuliko udongo wa nje ya madoa. Rutuba iliyoachwa na mazizi ya wafugaji hao ilikuwa bado ipo baada ya karne nyingi, na wanyama wa porini bado waliifuata.

Funzo lake ni kubwa. Kwa muda mrefu wafugaji wamelaumiwa kwamba huharibu ardhi popote wanapopita. Mitaro hiyo ilionyesha kwamba wafugaji waliohamahama, kwa kulaza mifugo wao usiku mahali pamoja kisha kuondoka, walisaidia kuumba mbuga ambazo leo huvutia watalii kutoka pembe zote za dunia.

Kwa mwanaakiolojia, funzo lilikuwa jingine pia: doa la nyasi mbichi si jambo la kupuuzwa. Huenda ndilo jengo pekee lililobakia.

MTARO WA MAJARIBIO

Uchimbuaji wa majaribio huanza kwa kamba na mambo. Eneo lote hugawanywa katika miraba, kila mraba ukipewa namba. Halafu huchaguliwa michache, aghalabu yenye upana wa mita moja au mbili, au mtaro mwembamba unaokata kibonde kutoka ukingo hadi ukingo.

Nyasi huondolewa kwa uangalifu na kuwekwa kando, kwani zitarudishwa. Kutoka hapo jembe hupumzishwa. Kazi hufanywa kwa mwiko mdogo wa kiashi na brashi, na udongo huondolewa tabaka kwa tabaka. Pale ambapo rangi ya udongo haibadiliki, wachimbaji hushuka sentimita tano au kumi kwa wakati mmoja ili wasichanganye vya juu na vya chini.

Udongo wote hupitishwa katika chekecheo. Humo ndimo hupatikana shanga, meno ya mbuzi, mifupa ya panya na makaa ambayo jicho lingeyapita. Sampuli nyingine hutiwa majini ili mbegu zilizoungua zielee na kuokotwa.

Kando za mtaro huachwa wima kama ukuta uliopigwa timazi. Hizo ndizo kumbukumbu za wakati: tabaka jeusi la majivu, tabaka la kahawia la samadi, tabaka jekundu la udongo ulioporomoka. Kanuni ni kwamba la chini ni la kale kuliko la juu, isipokuwa pale ambapo panya, mizizi au mwanadamu amevuruga mpangilio huo. Kila tabaka hupimwa, huchorwa na kupigwa picha.

Kazi inapokamilika, mtaro hufukiwa na nyasi kurudishwa. Malisho yanarudi kuwa malisho, na mwenye ng'ombe haoni hasara.

KITENDAWILI CHA MASHIMO YA SIRIKWA

Hakuna mahali ambapo thamani ya njia hii imedhihirika kama katika suala la mashimo ya Sirikwa.

Mlima mdogo wa Hyrax Hill, uliopewa jina hilo kwa sababu ya pimbi waliokuwa wengi katika miamba yake, uko kilomita chache kutoka katikati ya Nakuru. Louis Leakey aliutambua kuwa na mabaki ya kale mnamo 1926. Mkewe, Mary Leakey, alichimbua hapo mwaka wa 1937 na 1938, muda mfupi baada ya kuwasili Kenya, na ripoti yake ikachapishwa mwaka wa 1945.

Alipata mengi. Palikuwa na makaburi ya wafugaji wa enzi za zana za mawe, baadhi ya wanawake wakiwa wamezikwa pamoja na vyombo vya mawe. Palikuwa pia na makao ya enzi za baadaye, yenye vibonde vya mviringo, vigae na mifupa ya mifugo. Wakati huo, maelezo yaliyoonekana kuwa ya kawaida ni kwamba vibonde hivyo vilikuwa nyumba ambazo sakafu zake zilichimbwa chini ya usawa wa ardhi.

Mnamo 1957 mwanaakiolojia Merrick Posnansky alichimbua vibonde vingine huko Lanet, si mbali na Hyrax Hill. Vigae vilivyopambwa kwa kubingirisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, ambavyo hupatikana mara nyingi katika makao ya aina hii, vimepewa jina la mahali hapo na kuitwa vyungu vya Lanet.

Aliyefumbua kitendawili ni John Sutton. Katika miaka ya 1960 alitembea nyanda za juu akihesabu, kupima na kuchora mashimo hayo, na kuchimbua machache aliyoyachagua. Kitabu chake kuhusu akiolojia ya nyanda za juu za magharibi mwa Kenya kilichapishwa mwaka wa 1973, na katika miaka ya 1980 alirudi kuchimbua tena Hyrax Hill.

Hoja zake zilitegemea mambo madogo ambayo mtaro pekee ungeyaonyesha. Kwanza, mashimo mengi yana upana wa mita kumi au zaidi, ukubwa ambao si rahisi kuezekwa kwa paa moja, na katikati ya sakafu hapakuwa na alama za nguzo za kubeba paa kama hilo.

Pili, yalichimbwa kwenye miteremko, na mlango uliwekwa upande wa chini. Mbele ya mlango huo kulikuwa na tuta. Mtaro ulipokata tuta hilo, ulionyesha kwamba lilikuwa rundo la samadi na matope yaliyozolewa kutoka ndani, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka.

Tatu, nyumba zilipatikana, lakini hazikuwa ndani ya shimo. Zilikuwa vibanda vidogo vilivyojengwa kando, na mtu aliviingia kwa kupitia zizini.

Picha iliyojitokeza ni ya watu waliothamini ng'ombe wao mno. Usiku mifugo ililala shimoni, imezungukwa na ukingo na ua, na mlango mwembamba ukilindwa. Adui aliyetaka kuiba hakuweza kuswaga kundi nje bila ya kupita mbele ya macho ya wenyewe. Kadiri samadi ilivyofagiwa, ndivyo shimo lilivyozidi kuingia chini, hata baadhi yakazidi kina cha mita mbili.

Kwa hiyo kilichodhaniwa kuwa nyumba ya mtu kilikuwa chumba cha kulala cha ng'ombe. Mabadiliko hayo ya tafsiri si madogo. Watu waliodhaniwa kuishi mashimoni walidhihirika kuwa wafugaji hodari waliojua kupanga boma, kulinda mali na kuchagua ardhi yenye malisho mema.

UMRI HUJULIKANAJE?

Njia inayotumika zaidi ni ya kupima kaboni. Kila kiumbe hai huwa na kiasi kidogo cha kaboni ya aina inayopungua kwa kasi inayojulikana. Kikifa, nusu ya kaboni hiyo hutoweka katika muda wa takriban miaka 5,730. Kwa kupima kilichosalia katika kipande cha mkaa au mfupa, wataalamu hukadiria umri wake. Njia hiyo ilibuniwa na Mmarekani Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940, na ikampatia Tuzo ya Nobeli mwaka wa 1960.

Kwa kutumia vipimo kama hivyo pamoja na masimulizi ya jadi, Sutton aliweka enzi ya Sirikwa kuanzia karibu karne ya 12 au ya 13 hadi karne ya 18.

Hata hivyo, kipimo ni bora tu kama mahali sampuli ilipotolewa panajulikana barabara. Hyrax Hill ni mfano wa tahadhari. Miongoni mwa vitu vilivyookotwa hapo ni sarafu za Kihindi, mojawapo ikikadiriwa kuwa na umri wa karibu miaka 500, na nyingine zikiwa na tarehe za 1918 na 1919. Anayeokota sarafu ya kwanza pekee angeweza kudai kwamba wakazi wa mlima huo walifanya biashara na pwani karne tano zilizopita. Anayeziona zote pamoja anajua kwamba huenda zilifika hapo kwa mkono mmoja, juzijuzi tu.

Kitu kilichoondolewa mahali pake bila kuandikwa ni kama shahidi aliyekatwa ulimi.

YASIYOWEZA KUSEMWA NA VIGAE

Wasirikwa walikuwa nani? Masimulizi ya jamii nyingi za Kalenjin huwataja kama watu waliokuwapo hapo awali, matajiri wa ng'ombe, ambao baadaye walitawanyika au kumezwa na wengine. Wamaasai nao wana masimulizi yao kuhusu watu waliowakuta katika malisho ya nyanda za juu na kupigana nao.

Maoni yanayokubalika na wasomi wengi ni kwamba Wasirikwa hawakutoweka. Mfumo wao wa maisha ndio uliobadilika. Shinikizo la wavamizi na mbinu mpya za ufugaji vilifanya mazizi ya mashimo yaachwe, lakini wazao wa waliyoyachimba waliendelea kuishi miongoni mwa jamii zinazojulikana leo kwa majina mengine.

Jambo hili ni nyeti katika nchi ambamo ardhi na ukoo huzua hisia kali. Kwa sababu hiyo, inafaa kueleza mipaka ya taaluma hii waziwazi. Kigae huonyesha jinsi chungu kilivyofinyangwa, hakisemi mfinyanzi alizungumza lugha gani. Mfupa wa ng'ombe huonyesha aliliwa akiwa na umri gani, hauonyeshi alikuwa wa ukoo upi. Anayetaka mtaro wa akiolojia umpe hatimiliki ya shamba anauomba kitu usichokuwa nacho.

Kinachoonyeshwa na mitaro ni kwamba malisho hayo yamepokea watu wengi, kwa zamu, na kwamba kila kundi liliacha kitu ambacho kundi lililofuata lilikitumia.

SHERIA NA HATARI INAYOKABILI MAENEO HAYA

Hyrax Hill ilitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka wa 1943, na makumbusho yake yakafunguliwa kwa umma mwaka wa 1965. Katika sehemu ya kaskazini mashariki ya mlima huo kuna mabaki ya vizimba 13, kimojawapo kikiwa kilichimbuliwa mwaka huo wa 1965.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mashimo ya Sirikwa haina ua wala mlinzi. Yamo katika mashamba ya watu binafsi. Nyanda za Uasin Gishu na jirani zake ni ghala la mahindi na ngano la taifa, na plau likipita misimu michache shimo hujaa na tuta husawazishwa. Kwingineko mashamba hukatwa vipande vidogo na nyumba kujengwa. Hakuna anayekusudia ubaya. Mkulima hawezi kulinda asichokijua.

Sheria ipo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inakataza mtu yeyote kuchimbua mabaki ya kale bila leseni. Anayegundua mabaki kama hayo anatakiwa kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku saba. Nayo sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inataka miradi mikubwa itathminiwe kabla ya kuanza, na tathmini ya namna hiyo ndiyo nafasi ya kufanya upimaji wa kiakiolojia ilhali nyasi bado zipo.

Kwa mwananchi wa kawaida, wajibu ni mwepesi. Anayekuta vigae vingi mahali pamoja, majivu ya kale, mawe yaliyopangwa au kibonde cha mviringo chenye tuta upande wa chini, asichimbe kutafuta mali. Asiokote na kwenda navyo nyumbani. Aache kila kitu kilipo, atie alama mahali hapo, apige picha iwapo ana simu, kisha apeleke habari kwa afisi ya makavazi iliyo karibu au kwa chifu wa eneo lake.

Kufanya hivyo hakumpokonyi mtu shamba lake. Mara nyingi kinachohitajika ni siku chache za kupima na mitaro miwili mitatu, halafu nyasi hurudishwa na ng'ombe kuendelea kula.

Wafugaji waliochimba mashimo hayo hawakuacha kitabu. Waliacha samadi, majivu, vyungu vilivyovunjika na duara katika nyasi, na duara moja likisawazishwa na plau hakuna wa kulichora upya.